Nyalali: Jaji aliyewasikiliza wengi, akawakumbuka wachache

Na Mwandishi Wetu, Nassa

JINA la Jaji Francis Lucas Nyalali hutajwa zaidi kwa tume iliyofungua mlango wa vyama vingi. Hata hivyo, kwa takriban miaka 23 mwana huyo wa Usukuma alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na sehemu kubwa ya muda huo chama kimoja ndicho kilichoshika hatamu.

Alizaliwa Februari 3, 1935. Alisoma Makerere, Uganda, kisha sheria jijini London. Aliporejea alianza na uhakimu, akawa Jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1974. Mwaka 1977, akiwa na miaka 42 tu, aliteuliwa na Rais Julius Nyerere kuwa Jaji Mkuu. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na mahakama yake ya rufani. Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake mwaka 1979, chini ya uongozi wake.

Nassa, kabla ya kuwa sehemu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza, na mashauri yake makubwa yalikwenda Mahakama Kuu mjini Mwanza. Hukohuko Jaji James Mwalusanya aliamua katika shauri la Daudi Pete kwamba kifungu kilichomnyima dhamana mshtakiwa wa wizi wa kutumia nguvu kilikiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Nyalali akiongoza jopo, ilikubali kwamba kifungu hicho kilikuwa kipana mno na hakikuweka kinga dhidi ya matumizi mabaya. Haki za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Bila hukumu za namna hiyo, huenda zingebaki mapambo ya karatasini.

Mwaka huohuo wa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa siasa. Karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Mwanasiasa angefunga jalada hapo. Tume ilitazama pia ile sehemu ndogo iliyobaki, ikapendekeza vyama vingi, vilivyoruhusiwa kisheria mwaka 1992.

Serikali haikupokea yote. Tume ilitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, ikiwamo ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini, na nyingi hazikuguswa kwa muda mrefu. Pendekezo la shirikisho la serikali tatu lilikataliwa.

Nyalali alistaafu mwaka 2000 na Jaji Barnabas Samatta akashika nafasi yake. Alifariki dunia Aprili 2, 2003. Miaka kumi baadaye Tume ya Jaji Joseph Warioba ilirudisha serikali tatu katika rasimu ya Katiba. Mwaka 2014 Bunge Maalumu likaziondoa tena.