August Bielenstein na Hifadhi ya Lugha na Fasihi Simulizi ya Walatvia

Historia ya uchunguzi wa Kilatvia katika karne ya 19 haiwezi kukamilika bila kumtaja August Bielenstein, mchungaji wa Kilutheri aliyezaliwa mwaka 1826 mjini Mitau, ambao leo huitwa Jelgava. Wakati huo nchi ya Walatvia ilikuwa chini ya Dola ya Urusi, lakini ardhi na kanisa vilikuwa mikononi mwa Wajerumani wa Baltiki. Bielenstein alikuwa mmoja wao.

Baada ya kusoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Dorpat, alihudumia usharika wa Neu-Autz kuanzia 1852, na wa Doblen kuanzia 1867. Uchungaji ndio uliomweka karibu na wakulima, na wakulima ndio waliokuwa hazina ya lugha. Mwaka 1863 na 1864 alichapisha sarufi ya juzuu mbili iliyochambua sauti na maumbo ya Kilatvia kwa misingi ya isimu linganishi. Aliongoza Chama cha Fasihi ya Kilatvia tangu 1864 hadi 1895, akachapisha nyimbo za jadi na, mwaka 1881, mkusanyo wa vitendawili 1000.

Mwaka 1892 alitoa kitabu kuhusu mipaka ya Walatvia, pamoja na atlasi. Humo ndimo lilimojitokeza neno isoglosi, yaani mstari wa ramani unaotenga maeneo yanayotofautiana kwa sifa fulani ya lugha. Istilahi hiyo sasa ni mali ya wanalahaja wote.

Hata hivyo, maisha yake yalikuwa na mkinzano. Aliithamini lugha ya Walatvia, lakini hakuunga mkono vuguvugu lao la kitaifa. Katika mapinduzi ya 1905, hasira dhidi ya utawala wa Wajerumani ilifika Doblen. Maktaba yake na miswada yake ikateketea. Hivyo, sehemu ya kumbukumbu za Walatvia iliangamia pamoja na alama za waliowatawala.

Bielenstein alifariki Mitau mwaka 1907, mwaka ambao sehemu ya kwanza ya utafiti wake kuhusu majengo ya mbao ya Walatvia ilichapishwa. Ya pili ilitoka 1918, mwaka ambao Latvia ilijitangazia uhuru. Yaliyokwisha kupigwa chapa ndiyo yaliyosalimika. Na taifa ambalo hakulitarajia ndilo lililoyarithi.