Caroline Norton: Mama aliyenyang'anywa wanawe akaibadilisha sheria

WANANDOA wanapotengana, swali zito kuliko yote huwa si nyumba wala mali, bali ni nani atakayeishi na watoto. Katika Kenya ya leo, mama au baba anaweza kulipeleka swali hilo mbele ya Mahakama ya Watoto, akiwa na wakili au akijitetea mwenyewe, na ni sharti asikilizwe. Nchini Uingereza, kitovu cha sheria zetu nyingi, mambo hayakuwa hivyo miaka 200 iliyopita. Mama aliyeolewa hakuwa na la kusema kuhusu watoto aliowazaa. Aliyeongoza vita vya kuubomoa ukuta huo ni mwandishi Caroline Norton, ingawa ulipobomoka, wanawe mwenyewe walikuwa wamekwisha kupelekwa mahali ambako sheria hiyo haikufika.

Caroline alizaliwa jijini London mnamo Machi 22, 1808, katika ukoo wa Sheridan. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia na mbunge. Hata hivyo, sifa za ukoo hazikuandamana na utajiri. Baba yake, Thomas, alifariki mwaka wa 1817 akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akaacha mjane na watoto wengi wasio na urithi wa maana. Mabinti wa nyumba hiyo walikua wakijua kwamba tegemeo lao lilikuwa ndoa.

Mnamo Julai 30, 1827, akiwa na umri wa miaka 19, Caroline aliolewa na George Norton, wakili na mbunge wa Guildford, aliyekuwa ndugu mdogo wa Lodi Grantley. Ndoa hiyo iliingia doa mapema. George alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa mkono, na uwakili haukumletea riziki ya kutosha. Caroline akashika kalamu. Mashairi aliyoyachapisha mwaka wa 1829 yalipokewa vyema, na malipo ya uandishi yakawa nguzo ya nyumba. Walijaliwa wana watatu: Fletcher, Brinsley na William.

George alipopoteza kiti chake bungeni, mkewe alimwomba Lodi Melbourne, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, amtafutie kazi. Mwaka wa 1831 George aliteuliwa hakimu jijini London kwa mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka. Tangu hapo Melbourne akawa mgeni wa mara kwa mara nyumbani kwao, naye George hakulalamika.

Mwaka wa 1835 Caroline alipigwa akiwa mjamzito na mimba ikaharibika. Alikimbilia kwa jamaa zake, lakini akarejea kwa ajili ya watoto. Hakujua kwamba kurudi huko kungemfunga. Kwa mujibu wa sheria za wakati huo, mke aliyerudi kwa mumewe alihesabiwa kuwa amemsamehe, na hivyo hangeweza tena kutumia ukatili uliotangulia kama sababu ya kuomba kutenganishwa naye.

Pigo kubwa lilikuja majira ya Pasaka mwaka wa 1836. Kufuatia ugomvi kuhusu safari, George aliwatoa watoto nyumbani na kuwaficha. Caroline alipotambua walikokuwa, alizuiwa kuwaona. Kitinda mimba, William, alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Alipowauliza wanasheria haki yake ilikuwa ipi, jibu lilimvunja moyo. Watoto wa ndoa walikuwa wa baba. Baba angeweza kuwaweka kwa yeyote aliyemtaka, hata kwa hawara wake, na mama asiwe na mahali pa kulalamikia. Wala hilo halikuwa neno tupu. Katika kesi ya De Manneville ya mwaka wa 1804, baba alimpokonya mama mtoto wa miezi minane aliyekuwa akinyonya, na mahakama ikakataa kumrejesha. Mwaka huo huo wa 1836, katika kesi ya Greenhill, mama aliamriwa kuwakabidhi binti zake watatu wadogo kwa baba aliyekuwa na uhusiano na mwanamke mwingine.

Mnamo Juni 22, 1836, George alimfikisha Melbourne, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, mahakamani kwa madai ya kuzini na mkewe, akitaka fidia ya pauni 10,000. Hapa ndipo udhaifu wa sheria ulipojianika. Kesi ilikuwa kati ya wanaume wawili. Mlalamishi alikuwa na mawakili wake, na mshtakiwa alitetewa na Mwanasheria Mkuu, John Campbell. Caroline, ambaye heshima yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa, hakuwa mhusika katika kesi hiyo. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi wala kuwa na wakili wa kumsemea. Watumishi waliowahi kufukuzwa kazi walisimama na kusimulia mambo ya chumbani mwake, naye hakuwa na njia ya kuwajibu.

Jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo lilitupilia mbali madai ya George bila hata kuondoka vitini. Melbourne aliendelea na uwaziri mkuu. Caroline alisafishwa jina, lakini ushindi huo ulikuwa kitanzi kingine. Kwa kuwa hakuna uzinzi uliothibitishwa, mumewe hangeweza kumtaliki. Naye hakuwa na uwezo wa kumtaliki mumewe, kwani wakati huo talaka kamili ilipatikana kwa sheria maalumu ya Bunge pekee, na katika historia yote ya utaratibu huo ni wanawake wanne tu waliofanikiwa. Alibaki mke wa mtu, asiye na nyumba, asiye na watoto, na ambaye hata mapato ya vitabu vyake yalikuwa mali ya mume.

Kwa kuwa mahakama haikumpa nafasi ya kusema, Caroline aliamua kulisemea Bunge. Alisoma kesi za awali, akakusanya mifano na kuandika vijitabu vilivyoeleza jinsi sheria ilivyomnyima mama ulinzi. Mbunge Thomas Talfourd, ambaye pia alikuwa wakili, aliwasilisha mswada kuhusu watoto wa wazazi waliotengana. Mwaka wa 1838 mswada ulipita katika baraza la chini, lakini ukaangushwa na Malodi katika baraza la juu. Wapinzani walidai kwamba mama akiruhusiwa kuwaona watoto, wake wataacha waume zao ovyo. Jarida moja lilimshambulia Caroline kwa matusi, naye akagundua kwamba hangeweza hata kulishtaki, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hakuwa na uwezo wa kufungua kesi hiyo kwa jina lake.

Hakukata tamaa. Aliandika waraka mwingine kwa Lodi Chansela, safari hii akitumia jina bandia la kiume, Pearce Stevenson, na nakala zikasambazwa kwa wabunge. Mwaka wa 1839 mswada ukawa sheria. Kwa mara ya kwanza, mama aliyetengana na mumewe aliweza kuiomba Mahakama ya Chancery impe watoto walio chini ya miaka saba, na idhini ya kuwaona wale waliozidi umri huo. Sheria ilikuwa na mapungufu yake. Mama aliyepatikana na hatia ya uzinzi hakuguswa na huruma hiyo, na ada za Chancery zilikuwa za wenye nacho. Mke wa kibarua angeisikia tu.

Caroline naye hakufaidi mara moja. George alikuwa amewapeleka wavulana kwa dada yake huko Scotland, na sheria mpya haikuhusu Scotland. Mnamo Septemba 1842, William, aliyekuwa amerejeshwa Uingereza, alianguka kutoka kwa farasi. Jeraha dogo halikutunzwa, likaoza na kumuua. Mama aliitwa, lakini alipowasili mtoto alikuwa amekwisha kukata roho. Ni baada ya msiba huo ambapo George alilegeza msimamo na kumruhusu awaone wavulana wawili waliosalia.

Vita havikuishia hapo. Mwaka wa 1853, George alikataa kumlipa posho waliyoafikiana kwa maandishi, na mahakamani ikabainika kwamba mkataba baina ya mume na mke haukuwa na nguvu. Caroline alijibu tena kwa kalamu, ikiwemo barua ndefu kwa Malkia Victoria mwaka wa 1855. Baadhi ya hoja zake zilionekana katika sheria ya mwaka wa 1857, iliyofungua mahakama ya talaka na kumlinda mke aliyetelekezwa asinyang'anywe mapato yake. Ajabu ni kwamba hakuwahi kudai usawa wa wanawake na wanaume. Alichodai ni kwamba asiye na nguvu apewe ulinzi wa sheria.

George alifariki mwaka wa 1875. Mnamo Machi 1877 Caroline aliolewa na rafiki yake wa miaka mingi, Sir William Stirling-Maxwell, na mnamo Juni 15 mwaka huo huo akaiaga dunia.

Mbegu aliyoipanda iliendelea kukua. Mwaka wa 1873 umri wa watoto waliohusika uliongezwa hadi miaka 16, na mwaka wa 1925 Uingereza ikatangaza kuwa ustawi wa mtoto ndio utakaotangulia kila hoja nyingine. Wazo hilo lilifika Kenya kupitia sheria ya ulezi ya mwaka wa 1959, likaendelezwa katika Sheria ya Watoto ya 2001, kisha katika ile ya 2022. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa mama na baba wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la, na kuyaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu.

Hata hivyo, haki iliyo kitabuni huhitaji mtu wa kuifikisha mbele ya hakimu. Wazazi wengi wa mapato ya chini wangali wanaingia kortini peke yao, huku upande wa pili ukiwa na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016 ilipitishwa kwa ajili yao, na mashirika kama vile FIDA na Kituo cha Sheria yamewatetea wengi kwa miongo kadhaa. Mzazi aliye katika hali hiyo ana sababu ya kutafuta msaada mapema, kabla ya mtoto kuhamishwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mahakama huujua tu pale anapopatikana wa kuueleza.