Zamenga Batukezanga: wasomi walimbeza, wasomaji walimpenda

Kutoka Kalunguta hadi Luozi ni kuvuka Congo yote, mashariki hadi magharibi, lakini hofu ya mulozi inaeleweka pande zote mbili. Huko Luozi ndiko alizaliwa Zamenga Batukezanga, mwaka wa 1933.

Kitabu chake Les Hauts et les bas kilitoka mwaka wa 1971. Baadaye akatoa Bandoki, ni kusema walozi, juu ya watu wanaoishi na hofu ya uchawi.

Hapo maoni yaligawanyika. Wasomi walisema Kifaransa chake ni chepesi mno, na kwamba anahubiri kuliko kusimulia. Lawama hiyo haikukosa ukweli. Lakini ni wepesi huohuo uliomfikisha kwa wanafunzi, na kwa watu wasiozoea kushika riwaya. Waandishi wachache wa Congo wamesomwa kama yeye.

Mjini Kinshasa alianzisha pia Kikesa, kituo cha kusaidia walemavu. Alifariki dunia mwaka wa 2000, wakati ambapo katika mji huohuo watoto walikuwa wakifukuzwa nyumbani kwao kwa kuitwa bandoki.