Isabel Zendal, mama aliyevusha chanjo ya ndui bahari mbili

Katika vijiji vyetu vya Kivu, Ituri na Maniema, chanjo inafika ndani ya kisanduku cha barafu, juu ya pikipiki ao mgongoni mwa mtu. Zaidi ya miaka 200 iliyopita hakukuwa frigo wala barafu ya kuibeba. Chanjo ilivuka bahari ndani ya mikono ya watoto, na mama mmoja ndiye aliyewachunga: Isabel Zendal.

Alizaliwa katika familia ya wakulima maskini huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania. Akiwa bado msichana, ndui ilimuua mama yake. Baadaye alizaa mtoto wa kiume, Benito, akamlea peke yake bila bwana. Katika mji wa A Coruña alipata kazi ya kusimamia nyumba ya mayatima.

Wakati ule ndui ilikuwa inamaliza watu katika makoloni ya Uhispania kule Amerika. Mwaka 1796, daktari Edward Jenner wa Uingereza alikuwa ameonyesha kwamba ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi, inamkinga mtu na ndui yenyewe. Shida ilikuwa safari: maji ya kile kipele yanaharibika haraka. Daktari Francisco Javier de Balmis akapata njia. Wanachanja watoto wawili, wanangoja siku 9 ao 10 vipele vikomae, kisha wanachukua maji yake na kuchanja wawili wengine, hivyo hivyo mpaka ng'ambo.

Tarehe 30 Novemba 1803, meli María Pita iliondoka A Coruña na watoto 22, wa miaka 3 hadi 9. Benito alikuwa mmoja wao. Isabel aliwaogesha, aliwalisha, aliwatuliza usiku, na alichunga waliochanjwa wasigusane na wenzao. Kama wote wangeambukizwa mara moja, hakungebaki mtoto wa kupokea, na chanjo ingekufia katikati ya bahari.

Tuseme kweli: wale watoto hawakuulizwa. Isipokuwa Benito, hawakuwa na mzazi wa kusema ndiyo ao hapana. Juu ya hiyo, macho ya Isabel ndiyo yalikuwa karibu ulinzi wao wote.

Mwaka 1804 walifika Puerto Rico, kisha Venezuela. Hapo kundi likagawanyika. Daktari José Salvany alipeleka chanjo kwenye milima ya Andes, kijiji kwa kijiji, na akafia kazini huko Cochabamba mwaka 1810. Isabel alifuata Balmis mpaka Mexico, ambako watoto wa Uhispania walibaki. Februari 1805 alipanda tena meli na watoto wengine 26 wa Mexico, wakafika Manila, Ufilipino, mwezi wa 4.

Isabel hakurudi kwao. Aliishi Mexico, katika mji wa Puebla, pamoja na Benito. Jina lake liliandikwa namna nyingi tofauti katika hati, na kwa muda mrefu sifa zilimwendea Balmis. Leo wengi wanamhesabu kuwa muuguzi wa kwanza aliyeenda kuchanja nchi za nje.

Tukumbushe kwamba mwaka 1980 dunia ilitangaza ndui imekwisha kabisa. Madaktari walileta ujuzi, lakini chanjo ilifika hai sababu kulikuwa mtu wa kukesha na watoto.