Arthur Holmes: Mtu Aliyeyauliza Mawe Umri Wao

Sisi wa Kisii na Nyamira tumelelewa juu ya mawe. Asubuhi ukiinua macho unaliona genge la Manga limesimama kama ukuta. Ukishuka Tabaka utawakuta wachongaji wamefunikwa na vumbi jeupe mpaka kope, wakitoa kiboko, sahani na kete za sataranji katika jiwe laini la sabuni. Jiwe kwetu ni kazi. Jiwe ni karo ya shule na msingi wa nyumba. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuliuliza lina umri gani, na limepitia nini kabla ya kufika mikononi mwetu? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Leo ningependa kuwasimulia maisha ya mtu aliyeuliza swali hilo tangu utotoni hadi kaburini, na majibu yake yakatufikia hata sisi. Jina lake ni Arthur Holmes.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 huko Hebburn, karibu na mji wa Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Nyumbani mwao palikuwa na Biblia iliyochapishwa pembeni mwaka wa kuumbwa kwa dunia, yaani 4004 kabla ya Kristo. Kijana huyu aliitazama tarehe hiyo kwa mshangao. Kilichomsumbua hasa ni ile nne ya mwisho. Mbona isiwe elfu nne kamili? Ni nani aliyehesabu, na alihesabu vipi? Kumbe hesabu yenyewe haikuwa ya manabii. Ilipigwa na Askofu James Ussher wa Ireland na kuchapishwa mwaka 1650, naye alijumlisha miaka ya watu na wafalme waliotajwa katika vitabu.

Wanasayansi nao walikuwa na hesabu zao. Bingwa wa fizikia, Lord Kelvin, alikuwa amekadiria mwaka 1897 kwamba dunia ina umri wa kati ya miaka milioni 20 na milioni 40. Alifikiri hivi: dunia ilianza ikiwa moto, na tangu hapo imekuwa ikipoa kama chungu kilichoepuliwa mekoni. Wataalamu wa mawe walinung'unika kwamba muda huo ni mfupi mno, lakini nani angebishana na Kelvin?

Mwaka 1907 Holmes alijiunga na chuo huko London akiwa na miaka 17. Alianza na fizikia, kisha akavutwa na jiolojia, yaani elimu ya miamba. Wakati huo ilikuwa imegunduliwa kwamba madini ya urani hujibadilisha polepole, bila kuharakishwa na mtu wala kucheleweshwa, mpaka yakawa risasi. Risasi hii si ile ya bunduki, bali ni metali nzito yenye jina hilo. Holmes aliona kwamba hapo pana saa. Chukua mfano wa mtu anayekula ndizi za mkungu mmoja kwa mwendo unaojulikana na kuyatupa maganda mlangoni. Ukizihesabu ndizi zilizobaki pamoja na maganda, utajua mkungu ulikatwa lini. Urani ndiyo ndizi na risasi ndiyo maganda. Mkungu ndio jiwe.

Akiwa bado kijana wa miaka 21 alipima jiwe kutoka Norwe na kupata miaka milioni 370. Jiwe jingine la Sri Lanka lilitoa miaka milioni 1,640. Basi hesabu ya Kelvin ikaporomoka, na ya Askofu Ussher ikaachwa mbali zaidi.

Lakini elimu haijazi tumbo. Msaada wake wa masomo ulikuwa mdogo, na madeni yalikuwa yakimkaba. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1911 alikubali kazi ya kutafuta madini Msumbiji, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno. Ripoti ya vipimo vyake iliposomwa mbele ya wakubwa wa sayansi London mwezi wa Aprili, mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Afrika, akikanyaga nyasi na kugonga mawe kwa nyundo.

Safari hiyo haikuzaa utajiri wowote. Wenye kampuni walitaka madini ya kuuzwa, na madini hayo hayakuonekana. Kilichopatikana ni malaria, tena kali. Holmes aliugua hadi taarifa ikapelekwa kwao kwamba amekwisha kufa. Ama kweli, siku za mwizi ni arobaini lakini siku za mja azijuaye ni Mola! Aliinuka kitandani, akarudi Uingereza akiwa mkonda, mfukoni hana kitu, ila katika mizigo yake mna mawe.

Mawe gani? Hapa, ndugu msomaji, naomba tutue kidogo, maana ndipo penye kiini cha hadithi yetu. Mengi yalikuwa miamba geu. Sote tumewaona watu wakichoma matofali. Udongo ukiingia tanuri haurudi tena kuwa tope, hata unyeshewe mwaka mzima. Mwamba nao ni hivyo hivyo. Ukizamishwa chini kabisa ya ardhi, ukachomwa na joto na kukandamizwa na uzito wa milima iliyo juu yake, madini yake hujipanga upya. Mistari hujikunja mithili ya nguo iliyokamuliwa. Mawe mekundu magumu yaitwayo ganeti huota ndani yake. Baadaye ukirudi juu, zile alama hubaki. Mtaalamu akiyasoma madini hayo anaweza kukadiria mwamba ulizamishwa kina gani na ulichomwa kwa joto gani.

Sasa jiulize: ni kitu gani huzamisha mwamba kilomita 30 au zaidi chini ya ardhi? Ni kuzaliwa kwa milima. Mabara mawili yakigongana, ukingo wa moja huingia chini ya mwenzake, na ardhi hurundikana juu kama ilivyorundikana Himalaya. Halafu mvua na mito hutafuna kilele, bandu bandu huisha gogo, na shina lililokuwa chini huinuka polepole. Milima hufa, lakini mizizi yake husalia. Mawe aliyoyagonga Holmes kule Msumbiji yalikuwa mizizi ya milima iliyokwisha kutoweka.

Hayo yote hakuyajua siku hiyo. Alirudi London kufundisha, akatoa kitabu chake kuhusu umri wa dunia mwaka 1913, na mwaka uliofuata akamwoa Margaret Howe. Mwaka 1918 alichapisha uchunguzi wake wa miamba ile ya Msumbiji. Lakini mshahara ulikuwa haba, na mwaka 1920 alichukua mke na mwanawe wakaenda Burma, ambako aliajiriwa na kampuni ya kutafuta mafuta. Dunia ikamgeuka tena. Kampuni ilianguka, na mwaka 1922 mtoto wake mdogo akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Holmes na mkewe walirejea kwao mikono mitupu, na aliyewazidishia huzuni ni yule waliyemwacha kaburini ugenini.

Huyo bwana aliyeipa dunia saa yake alikaa bila kazi ya elimu. Ili apate riziki alifungua duka mjini Newcastle la kuuza vinyago na vitu vya sanaa vya Mashariki ya Mbali. Sisi tunaoyajua maduka ya vinyago vya Tabaka hatuwezi kumcheka. Mwaka 1924 ndipo alipopata kazi ya kuanzisha masomo ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha Durham.

Hapo Durham akaanza kufikiri juu ya jambo lililochekwa na wengi wakati ule. Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema tangu mwaka 1912 kwamba mabara hutembea. Wakubwa walimdhihaki, kwani hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma. Mwezi wa Desemba 1927, Holmes alisimama mbele ya wanajiolojia wa Glasgow akatoa wazo lake. Tazama uji wa wimbi ukichemka. Uji wa moto hupanda katikati, husambaa pembeni ukiusukuma utando ulio juu, kisha ukipoa huzama tena. Holmes alisema mwamba ulio chini sana ya miguu yetu, ingawa ni mgumu, huenda vivyo hivyo kwa muda wa mamilioni ya miaka, na mabara hubebwa juu yake. Mwenyewe alikiri kwamba hilo ni wazo tu, linalongoja ushahidi. Alingoja sana. Wanasayansi walio wengi walikuja kukubali kwamba mabara hutembea katika miaka ya 1960, yeye akiwa mzee.

Afrika nayo haikumtoka moyoni. Mwenzake wa safari ya Msumbiji, E. J. Wayland, alikuwa amekuja kuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda. Kutoka huko Holmes alipata mawe ya volkano za magharibi mwa Uganda, akayachunguza miaka mingi, na mengine akayapa majina ya kwao. Mwaka 1943 alihamia Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa profesa, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kikubwa cha jiolojia kilichosomwa na wanafunzi wa nchi nyingi.

Kisha, mwaka 1951, ikachapishwa makala yake kuhusu mikanda ya milima ya kale ya Afrika. Alipanga ramani na vipimo vya umri vilivyokuwapo, akaona kwamba miamba geu ya Msumbiji haiishii Msumbiji. Inapanda Tanganyika, inaingia Kenya na kuendelea kaskazini. Ni ukanda mmoja! Akauita Ukanda wa Msumbiji. Pia aliona kwamba ukanda huo unaikata kwa ghafula miamba mikongwe zaidi iliyo upande wake wa magharibi, kama mshono unaotenganisha vitambaa viwili.

Basi sisi tuko kitambaa gani? Mwaka uo huo wa 1951 idara ya jiolojia ya Kenya ilitoa ripoti yake kuhusu miamba ya Wilaya ya Kisii, na wakati ule Nyamira ilikuwa ndani yake. Kisii na Nyamira zimekaa juu ya kile kipande kikongwe cha magharibi, ambacho kitovu chake kiko Tanzania na ambacho mawe yake mengi yamepita miaka milioni 2,500. Lava zetu, na mchanga uliogandamana ukawa genge la Manga, havikuzamishwa na kupikwa kama mawe ya mashariki. Hata jiwe la sabuni lilitokana na mwamba wa volkano uliolainishwa na maji ya moto. Lakini panda gari uende Machakos, Kitui au Taita. Njiani, chini ya lava changa za Bonde la Ufa, utauvuka ule mshono bila kuuona, na utakaposhuka utakuwa umesimama juu ya mizizi ya milima ya kale.

Je, Holmes alipatia yote? Hapana. Alidhani milima ya ukanda huo ilizaliwa zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba mgongano mkubwa ulitokea kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita. Mwaka 1995 wataalamu walieleza pia mawe yaitwayo eklojiti karibu na Isimani, mkoani Iringa, pembezoni mwa kipande kikongwe. Mawe hayo yalikandamizwa kwa nguvu nyingi sana katika kina kirefu miaka milioni 2,000 iliyopita. Kumbe hata kabla ya milima ile kulikuwa na milima mingine!

Kukosolewa kusingemtisha mzee huyu. Umri wa dunia yenyewe aliusahihisha mara kadhaa. Mwaka 1947 alifikia miaka milioni 3,350, na mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alichapisha hesabu ya milioni 4,550, ambayo ndiyo inayokubalika hata leo. Holmes alikuwa ameanza maisha yake kwa kuitilia shaka namba iliyochapishwa kitabuni. Hakuona haya namba zake mwenyewe zilipotiliwa shaka.

Margaret alifariki mwaka 1938, na mwaka uliofuata Holmes alimwoa mwanajiolojia mwenzake, Doris Reynolds. Alistaafu mwaka 1956. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Vetlesen, ambayo ni heshima kubwa mno kwa wanajiolojia. Alifariki London tarehe 20 Septemba 1965, mwaka ule ule ambao kitabu chake kikubwa kilitoka upya.

Wanachama wenzangu, kampuni iliyompeleka Msumbiji iliyaona mawe yale kuwa hasara, kwa sababu hayakuwa na bei sokoni. Yeye aliyahifadhi, akayauliza, na miaka arobaini baadaye yakamwonyesha mizizi ya milima iliyopita katikati ya nchi yetu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tuendelee kulichonga jiwe la Tabaka na kuliuza, kwani ndilo linalotusomesha. Lakini kabla hujalitia patasi, ligeuze mkononi japo mara moja, ulitazame vizuri. Lina mengi ya kusema, na bado halijaulizwa yote.