J.M. Kariuki, Tajiri Aliyewasemea Wasio na Shamba

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika madarasa yetu mengi hayati Josiah Mwangi Kariuki hutajwa kwa sentensi mbili tu: kwamba alikuwa mbunge, na kwamba aliuawa. Mwanafunzi huandika hayo daftarini, kengele ikalia. Huku Macalder wapo pia wanaouliza, wala si kwa ujinga, mtu wa Nyandarua ana nini na sisi wa Nyatike. Kwa maoni yangu ana mengi.

Hapa kwetu mkoloni hakuja kukata mashamba ya ngano na ng'ombe kama alivyofanya katika Bonde la Ufa. Yeye alitamani kilichokuwa chini ya ardhi. Shaba na dhahabu vilichimbwa Macalder, mgodi ukafungwa mwaka wa 1966, na hata leo vijana huteremka mashimoni wakitafuta chembe za dhahabu. Swali la nani anufaike na ardhi baada ya mkoloni kuondoka, ambalo JM alilishikilia hadi kufa, si swali la mbali kwetu.

Alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru, wazazi wake wakiwa maskwota katika shamba la mlowezi. Maskwota walipewa mahali pa kulima kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye shamba, na wangeweza kufukuzwa wakati wowote. Karo ilipokosekana, masomo yake yalikatika. Kilichomrudisha darasani ni jambo ambalo walimu wenzangu huenda wasipende kulisimulia mbele ya watoto: mwaka wa 1946 alishinda pesa katika kamari ya mbio za farasi, naye akazitumia kulipia elimu yake, iliyomfikisha hatimaye katika shule ya King's College Budo, Uganda. Mimi naona lisimuliwe vivyo hivyo. Mtoto wa skwota hakuwa na mlango mwingine.

Alirejea Kenya Oktoba 1952, siku chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, akajiunga na harakati za Mau Mau huku akiendesha mkahawa mjini Nakuru. Mwaka uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini takriban miaka saba, akihamishwa kambi hadi kambi: Langata, Manyani, Lodwar, na Saiyusi, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria, ziwa hilihili letu. Alipigwa, na bado akaendelea kuandika barua za malalamiko zilizotoroshwa nje ya kambi, nyingine zikielekezwa kwa wabunge wa Uingereza. Masaibu hayo aliyaeleza katika kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichotolewa mwaka wa 1963. Ningependa kila shule ya upili iwe nacho.

Baada ya kuachiliwa alikuwa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge mwaka wa 1963, na baadaye waziri msaidizi. Akawa pia mtu mwenye mali. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, magari ya fahari, na farasi wa mbio. Hapa ndipo penye mzozo, nami sitaki tupapite kwa haraka.

Wapo wasemao kwamba JM alikuwa mnafiki, tajiri aliyelilia maskini ili apate kura. Shtaka hilo lina uzito. Alikuwa karibu na serikali katika miaka ambayo ukaribu huo ulifungua milango ya mikopo na mashamba, naye hakusimama nje ya mlango. Lakini tazama alivyofanya baada ya kuingia. Badala ya kunyamaza na kushiba kama wenzake, alisimama Bungeni na majukwaani akahoji kwa nini waliopigana msituni wabaki bila ardhi, na kwa nini Waafrika wakope pesa za Uingereza ili kununua udongo ulionyang'anywa baba zao. Alitaka umilikaji wa mashamba makubwa upunguzwe, jambo ambalo lingefika hata kwenye ua wake mwenyewe. Kauli yake juu ya matajiri wachache na ombaomba wengi inajulikana mno, sina haja ya kuirudia. Aidha, alitoa michango mikubwa ya harambee, shule zikiwemo, mbali na eneo lake la uchaguzi na mbali na kabila lake. Mnafiki huchagua maneno yasiyomletea hasara. Ya JM yalimletea hasara. Mikutano yake ilipigwa marufuku, na hata hivyo mwaka wa 1974 wapigakura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni.

Jumapili tarehe 2 Machi 1975 alionekana akiondoka katika hoteli ya Hilton, Nairobi, pamoja na maafisa wa usalama. Kesho yake mchungaji wa Kimaasai aliikuta maiti chini ya vilima vya Ngong. Kwa siku kadhaa nchi haikuambiwa ukweli, na gazeti moja likaandika kwamba yuko Zambia, ilhali mwili wake ulikuwa katika chumba cha maiti cha jiji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana, na kwa miaka iliyofuata waliendelea kuiadhimisha tarehe hiyo, mara nyingi wakikabiliwa na rungu za polisi.

Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti yake ilipofikishwa mbele ya wabunge mwezi Juni, iliidhinishwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliounga mkono ripoti hiyo, walifutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kesi. Kwa mauaji yenyewe, hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa.