Rachel Carson: Maisha na Maandishi ya Mtetezi wa Bahari

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Mwanafunzi azingatie kuwa Springdale iko mbali na pwani: mwandishi aliyekuja kuwafumbua watu macho kuhusu bahari hakulelewa ufukweni. Babake, Robert, hakuwa na kipato cha kutosha. Mamake, Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, ndiye aliyemzoesha kutazama ndege, wadudu na mimea, na kumhimiza asome. Akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ilichapishwa katika jarida la watoto, St. Nicholas.

Mnamo 1925 alijiunga na Chuo cha Wanawake cha Pennsylvania kusomea Kiingereza, kwa kuwa nia yake ilikuwa uandishi. Baadaye aliacha fani hiyo akachukua bayolojia. Enzi hizo ilidhaniwa kuwa mtu huchagua ama sayansi ama fasihi, na kuigeukia moja ni kuipa nyingine mgongo. Maandishi yake yangeonyesha vingine. Alihitimu 1929, na msimu huo wa joto akafanya utafiti katika maabara ya viumbe vya baharini ya Woods Hole, Massachusetts, akawa karibu na bahari aliyokuwa ameijua vitabuni tu. Mwaka wa 1932 alipata shahada ya uzamili katika zuolojia kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Masomo ya uzamifu yalikwamishwa na ufukara. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na mwaka wa 1935 babake akafariki. Carson alipata kibarua cha kuiandikia Idara ya Uvuvi vipindi vya redio kuhusu viumbe vya majini, na 1936 akaajiriwa humo kama mwanabayolojia. Mwaka uliofuata dadake alifariki na kuacha mabinti wawili. Mshahara mmoja sasa ulilisha watu wanne. Mchana alifanya kazi ya ofisi. Vitabu vyake aliviandika usiku na wikendi.

Kitabu chake cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka Novemba 1941. Ndani yake bahari inasimuliwa kupitia maisha ya ndege wa pwani, kibua anayeitwa Scomber na mkunga anayeitwa Anguilla. Viumbe hawa hawasemi wala hawafikiri kama binadamu, jambo linalokitofautisha kitabu hiki na hekaya za wanyama. Msomaji humfuata Scomber tangu akiwa yai linaloelea, akiponea chupuchupu kila hatua, kwa maana kila kiumbe baharini ni mlaji na pia ni chakula cha mwingine. Mwezi uliofuata Marekani ikaingia vitani, na kitabu hakikununuliwa sana.

Alisubiri miaka 10. The Sea Around Us, kilichotoka 1951, kilidumu wiki 86 katika orodha ya vitabu vilivyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times na kushinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Mwaka wa 1952 aliacha kazi ya serikali, kisha akajenga nyumba ndogo kando ya bahari huko Maine. Huko alishinda akichungua vidimbwi vinavyobaki miambani maji yakipwa, na 1955 akatoa The Edge of the Sea, kuhusu viumbe wa ufukweni.

Anayesoma vitabu hivi vitatu kwanza hatashangazwa na kile cha nne, Silent Spring, cha 1962, ambacho jina lake lamaanisha majira ya machipuo yaliyo kimya, yasiyo na mlio wa ndege. Carson hakuhama mada. Aliufuata mlolongo ule ule wa mlaji na mliwa, ila sasa kilichopita ndani yake kilikuwa sumu. Mfano wake wenye nguvu zaidi ni wa Clear Lake, California. Ziwa hilo lilitiwa dawa ya kuua visubi, na mnamo 1954 kiwango kilikuwa sehemu 1 tu kwa milioni 50 za maji. Vijimea na vijidudu vya majini vikakutwa na sehemu 5 kwa milioni; samaki waliokula hivyo wakawa na nyingi zaidi; mafuta ya vibisi waliokula samaki yakawa na 1,600. Vibisi wengi wakafa.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Wapo waliomwita mwanamke mwenye jazba, wengine wakauliza mtu asiye na watoto anahangaikia nini kizazi kijacho. Ukweli ni kwamba alikuwa akimlea Roger, mjukuu wa dadake, aliyefiwa na mama 1957. Jingine hawakulijua: tangu 1960 Carson aliugua saratani ya matiti. Aliificha, kwani wapinzani wangedai anazilaumu kemikali kwa sababu ya ugonjwa wake. Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya Seneti akiwa mgonjwa. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka wa 1972. Mtahiniwa asiandike kuwa Carson alitaka kila dawa ya wadudu ikomeshwe, hakusema hivyo. Alipinga kuzinyunyiza ovyo, na akaonya kuwa wadudu huzizoea, hata wanaoeneza magonjwa, zikakosa nguvu zinapohitajika. Mkataba wa Stockholm wa 2001 bado unaruhusu DDT itumiwe dhidi ya mbu wa malaria.